Umechanjwa, sasa hesabu siku: mwongozo kamili wa kujitunza baada ya chanjo

Nilikuwa katika mwaka wangu wa pili wa kazi ya VHT, yaani mhudumu wa afya wa kijiji, hapa Bombo, Uganda, jirani yangu akanipigia simu usiku. Mwanawe wa miezi 9 alikuwa anachemka. Nikamuuliza, "Si alichanjwa juzi juzi?" Akajibu, ndiyo, Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nikamwambia ampe panadol, ni homa ya chanjo, itapoa yenyewe. Jumamosi asubuhi nilimkuta mtoto hospitalini, viganja vyake vimepauka hata mistari ya mkononi haionekani, anasubiri kuongezwa damu. Ilikuwa malaria. Alipona, na sasa yuko shule ya msingi, na mama yake hajawahi kunilaumu hata siku moja. Lakini mimi najua nilipokosea. Jibu lilikuwa ndani ya swali langu mwenyewe, na sikulihesabu: Jumatatu mpaka Alhamisi ni siku tatu.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia "nimechanjwa na naumwa", neno langu la kwanza ni: siku ya ngapi leo? Mwongozo huu nimeupanga hivyo hivyo, kwa dakika, kwa saa, kisha kwa siku. Unamhusu mtoto na unamhusu mtu mzima pia, maana watu wazima nao huchanjwa: wajawazito, wanaosafiri, walioumwa na mbwa, na wale wanaochanjwa dhidi ya homa ya ini B.

Kabla hujatoka kwenye chumba cha sindano

Uliza mambo manne, na usione haya kuuliza tena mpaka uelewe. Hii ni chanjo ya nini? Itanifanya nini, na kuanzia lini? Nikipata homa ninywe nini na kiasi gani? Nirudi tarehe gani? Majibu yaandikwe kwenye kadi, au yaandike mwenyewe kwenye simu hapo hapo.

Nasisitiza hili kwa sababu sisi tunaozungumza Kiswahili tumetawanyika nchi nzima. Yuko Mnubi wa Bombo, yuko dada aliyetoka Kongo anayeishi kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyaka, yuko mfanyabiashara wa Busia, yuko mke wa askari aliyehamishiwa wilaya asiyojua lugha yake. Musawo, yaani mhudumu wa afya, anaeleza vizuri, lakini kwa Luganda au Runyankole, na mama anaitikia kwa kichwa tu kwa sababu foleni ni ndefu. Akifika nyumbani hajui alichoambiwa. Kama hukuelewa, sema hukuelewa. Mara nyingi kuna mtu kwenye benchi anayejua Kiswahili na atakutafsiria.

Mtu mzima huulizwa sindano ichomwe mkono gani. Jibu la kawaida ni mkono usioutumia sana. Kwa ndugu zangu wa boda boda nashauri wafikirie kidogo zaidi. Mkono wa kulia unashika mafuta na breki, wa kushoto unabana klachi mara mia kwa siku kwenye msongamano. Yote miwili ina kazi. Basi kama unaweza, chanjwa jioni ukiwa umemaliza kazi, au siku ambayo huna haraka ya kurudi barabarani. Mkono unaouma usiku huvumilika kuliko mkono unaouma ukiwa na abiria wawili nyuma.

Dakika 15 za benchi

Watu huzikimbia dakika hizi. Mama ameacha maharage jikoni, kijana ameegesha pikipiki juani. Tafadhali kaa. Mzio mkali baada ya chanjo ni nadra sana, kama mtu mmoja katika dozi milioni moja kwa chanjo nyingi, lakini ukitokea huja ndani ya dakika chache, na dawa yake, adrenalini, iko pale pale kituoni. Njiani kwenye teksi haipo. Kama uliwahi kupata mzio mkali wa dawa au chakula, mwambie musawo kabla ya sindano, kisha kaa nusu saa nzima.

Kuna vitu viwili vinavyofanana, na inafaa kuvitofautisha. Kuzimia kwa hofu hutokea sindano ikiingia au dakika moja mbili baadaye: mtu anapauka, anatoka jasho jembamba la baridi, macho yanafunga. Nimeona hili sana kwa wasichana wanaochanjwa shuleni dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Mmoja akianguka, wa pili na wa tatu kwenye mstari nao wanaanza kutetemeka. Mlaze chini, inua miguu yake, mpe hewa, na baada ya dakika chache atakuwa anaongea. Hakuna sumu hapo, na wazazi wasikatishwe tamaa na habari zitakazorudi nyumbani jioni.

Mzio ni kitu kingine. Vipele vya kuwasha vinatokeza mwilini, midomo au uso unavimba, sauti inakauka, kifua kinapiga filimbi, mtu anatapika, moyo unaenda mbio. Mtoto mchanga hawezi kusema, kwa hiyo mwangalie: analegea ghafla, kilio kinabadilika, ngozi inatoa mabaka. Usisubiri zamu yako. Paza sauti, mwite musawo.

Nyumbani, siku ya kwanza

Mahali palipochomwa patauma, patakuwa pagumu kidogo, pengine pekundu. Hiyo ni kinga inaanza kazi, na kwa kawaida huisha ndani ya siku mbili au tatu. Chukua kitambaa safi, kichovye kwenye maji safi ya baridi, kamua, weka juu ya uvimbe kwa dakika kumi. Rudia ukiona inasaidia. Mkono wa mtu mzima usiukunje kifuani kama umevunjika. Utumie taratibu, nyanyua, zungusha bega. Mkono unaotembezwa hupona mapema.

Usisugue. Usikande kwa maji ya moto. Usipake mafuta ya taa, majivu, kinyesi cha ng'ombe wala majani yaliyopondwa. Najua kwamba hapa Buganda mtoto anaogeshwa kyogero, maji ya dawa za majani, na sikuandika haya ili kugombana na bibi wa mtu. Ila maji hayo yenye majani yasisuguliwe pale penye tundu la sindano. Mwogeshe mtoto kwa maji safi na sabuni, mpanguse kwa kugusa tu, basi.

Jambo ambalo silioni likisemwa sana ni namna ya kumbeba. Chanjo za wiki 6, 10 na 14 huchomwa mapajani. Mama anatoka kliniki, anamfunga mtoto mgongoni kwa leso kama kawaida, miguu imetanuliwa, leso imekaza hasa pale pale kwenye mapaja. Mtoto analia njia nzima na mama anasema chanjo imemdhuru. Siku hiyo mbebe mbele, mkononi, miguu yake ikining'inia bila kubanwa. Nepi nayo usiikaze. Nimewaona watoto wakinyamaza kwa kufunguliwa leso tu.

Mnyonyeshe mara nyingi kuliko kawaida. Hakuna chanjo ya mtoto inayozuia kunyonya, hata yale matone ya mdomoni. Mvalishe nguo moja nyepesi. Blanketi mbili juu ya mtoto mwenye joto humzidishia joto, hata kama shangazi anasema anatetemeka kwa baridi. Mtu mzima naye anywe maji mengi, uji au chai, ale anachoweza, na alale mapema.

Panadol, na hesabu yake

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu dawa iliyo ndani ya kila nyumba ndiyo inayotumiwa vibaya zaidi.

Usimpe mtoto panadol kabla ya kwenda kuchanjwa, eti kumtangulia homa. Wala usimpe baada ya chanjo kama anacheza na kunyonya vizuri. Panadol ni ya maumivu na homa iliyokwisha kuja. Kama una kipimajoto, joto la kwapani kuanzia 37.5 ni homa, na likifika 38.5 au mtoto akisumbuka, hapo mpe dawa.

Kipimo cha mtoto hutokana na uzito wake, ambao umeandikwa kwenye kadi siku ile ile ya kliniki. Ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo moja, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku nzima. Mtoto wa kilo 8, kwa mfano, anahitaji kati ya miligramu 80 na 120. Sasa soma chupa. Dawa ya maji nyingi imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5, kwa hiyo mililita 5 moja humtosha mtoto huyo, na hutakiwi kumzidishia. Tumia kijiko au kikombe kidogo kilichokuja na chupa. Kijiko cha chai cha jikoni hakiaminiki, kuna kidogo na kuna kikubwa. Kama kwenye chupa kumeandikwa namba nyingine, rudi kwa musawo akufanyie hesabu, usikisie.

Mtoto aliye chini ya miezi 2, yaani yule wa chanjo ya wiki 6, akipata homa simshauri mama yake amtibu nyumbani. Mrudishe kituoni akaangaliwe. Pengine ni chanjo tu, lakini mtoto mdogo kiasi hicho hana nafasi ya kusubiri.

Mtu mzima hunywa kidonge 1 au 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, na visizidi 8 katika saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini au mwenye mwili mdogo sana aulize kwanza. Angalia pia dawa za mafua unazonunua dukani, kwa sababu nyingi zina parasetamoli ndani. Ukizichanganya na panadol unameza dawa moja mara mbili.

Aspirini usimpe mtoto kamwe. Na kuna mazoea moja yanayoniumiza: mtu ana homa ya chanjo, anaingia duka la dawa, anachomwa diklofenaki, dawa ya maumivu, ili "ipoe haraka". Hiyo ni sindano ya pili usiyoihitaji. Mjamzito aikatae kabisa, panadol inamtosha.

Mstari wa saa 48

Homa ya chanjo nyingi huanza siku ile ile au usiku wake, na kufikia siku ya pili inakuwa imetoka. Hii ni pamoja na zile za mapajani za wiki 6, 10 na 14, chanjo ya pepopunda kwa mama, homa ya ini B, na chanjo mpya ya malaria iliyozinduliwa wilayani Apac mwezi Aprili 2025, ambayo mtoto huipata akiwa na miezi 6, 7, 8 na kisha 18.

Kwa hiyo chora mstari. Homa iliyoanza ndani ya saa 24 baada ya sindano na inayopungua ni ya kuangalia nyumbani, mradi mtoto ananyonya, anakojoa na anakutazama machoni. Homa iliyovuka saa 48, au iliyoanza siku ya tatu wakati mtoto alikuwa mzima, haina ruhusa ya kuitwa homa ya chanjo mpaka ipimwe. Katika nchi yetu jina lake la kwanza ni malaria. Inaweza pia kuwa kichomi au ugonjwa mwingine, lakini damu ipimwe kwanza.

Kupima ni tone la damu kidoleni na kusubiri kama dakika 15. Vituo vya afya vina kipimo hicho, na katika vijiji vingi VHT nao wamefundishwa kuwapima watoto walio chini ya miaka 5. Usinunue Coartem, dawa ya malaria, kwa kukisia. Ikiwa si malaria, umepoteza siku tatu za kutibu ugonjwa wenyewe. Ikiwa ni malaria, unahitaji kipimo sahihi cha dawa kwa uzito, na umalize dozi.

Mtu akiniuliza, mbona mtoto alichanjwa dhidi ya malaria na bado ana malaria, namjibu kwamba chanjo hiyo inapunguza malaria, haiizuii yote. Inahitaji dozi zote nne. Mtoto aliyepata dozi ya kwanza jana bado analala chini ya chandarua, na atakayemaliza ya nne pia atalala chini ya chandarua.

Tena pima kwa macho yako. Fungua kiganja cha mtoto, weka kando ya chako kwenye mwanga wa mlango. Kama chake kimepauka waziwazi, damu imepungua, na hapo hakuna panadol wala kesho. Laiti ningemwambia mama yule afanye hivyo usiku ule kwenye simu.

Homa inayochelewa

Kuna chanjo zinazovunja mstari huo, na ndizo zinazowachanganya wengi, hata mimi nilizichanganya. Chanjo ya surua na rubela, inayotolewa miezi 9 na tena miezi 18, ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Huchukua muda kabla mwili haujavitambua. Homa yake, ikija, huja kati ya siku ya 5 na ya 12, wakati mwingine na vipele vidogo vyekundu vinavyodumu siku moja au mbili. Vipele hivyo havimwambukizi mtoto wa jirani.

Ya homa ya manjano, ambayo tangu 2022 iko pamoja na za miezi 9, inaweza kuleta kichwa kuuma, uchovu na joto dogo siku chache baadaye, hata wiki nzima.

Sasa rudi kwenye hadithi yangu. Mtoto wa miezi 9, siku ya tatu, homa kali. Kwa surua ilikuwa mapema mno, na kwa maumivu ya sindano ilikuwa imechelewa. Hata hivyo, hata homa ikija siku ya 8 kama inavyotarajiwa, mimi sasa naipima malaria. Mbu hasomi kadi ya mtoto.

Kidonda cha BCG

BCG ni chanjo ya kifua kikuu ya mtoto mchanga, ile sindano ndogo ya mkononi anayopewa akizaliwa. Siku za kwanza huoni kitu. Kuanzia wiki ya pili hivi kinatokea kipele, kinaiva, kinatoa usaha kidogo, kinakuwa kidonda chenye ukubwa kama wa punje ya mahindi au pungufu, kisha kinakauka na kuacha kovu. Safari yote inaweza kuchukua miezi miwili au mitatu.

Mama wengi hushtuka wiki ile usaha unapotoka. Usikiminye. Usikifunge bandeji ya nailoni. Usipake unga wa kapsuli ya antibiotiki, jambo ninaloliona kila mwaka. Osha kwa maji safi na sabuni wakati wa kuoga, acha hewa iingie, mvalishe nguo yenye mkono mpana. Kama kinalowesha nguo, funika kwa kitambaa safi kikavu bila kukaza.

Mpeleke kituoni kama tezi ya kwapani upande ule imevimba na kukua au imepasuka usaha, au kama kidonda kinapanuka badala ya kusinyaa. Kovu lisipoonekana kabisa, usihangaike kutafuta achanjwe tena. Kukosa kovu si dalili kwamba chanjo haikufanya kazi.

Matone ya rota

Chanjo ya kuhara ya rota hutolewa mdomoni. Mtoto anaweza kuharisha kidogo au kukosa utulivu. Virusi vya chanjo hutoka kwenye choo chake, hivyo nawa mikono kwa sabuni kila ukimbadilisha nepi, hasa kama nyumbani kuna mtu ambaye kinga yake ni dhaifu. Akiharisha mpe maziwa ya mama na maji ya ORS, yale ya pakiti ya chumvi na sukari. Hatari moja ya kuijua, nayo ni nadra sana: mtoto analia kwa vipindi akikunja magoti tumboni, anatapika, na choo kinakuja na damu kama uji mwekundu wa kuteleza. Hapo sehemu ya utumbo imeingia ndani ya sehemu nyingine. Nenda hospitali yenye upasuaji, saa ile ile.

Watu wazima

Mjamzito akipata chanjo ya pepopunda ataumwa mkono siku mbili. Homa ikimjia asiifiche, na asiseme ni ya sindano. Malaria ya mimba ni kali kuliko ya kawaida, akapime siku hiyo. Dozi zake jumla ni tano: ya pili baada ya wiki 4, ya tatu baada ya miezi 6, mbili za mwisho mwaka kwa mwaka.

Aliyechanjwa homa ya ini B amalize zote tatu: leo, baada ya mwezi 1, na baada ya miezi 6 tangu ile ya kwanza. Wengi hupotea kabla ya ya tatu. Na ni vizuri kupimwa kwanza, kwa sababu chanjo haitibu aliyekwisha kuambukizwa. Kaskazini na West Nile ugonjwa huu umeenea zaidi, ndugu zetu wa Arua na Koboko wanajua ninachosema.

Anayesafiri asichanjwe homa ya manjano usiku wa kuamkia safari ya ndege ya Entebbe. Cheti chake huanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya sindano. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha yote, hata cha zamani, kwa hiyo kama unacho usikubali kulipa tena kwa sababu "kimeisha muda".

Aliyeumwa na mbwa asiache dozi katikati kwa sababu kidonda kimefunga. Kidonda kufunga na kichaa cha mbwa kuzuiwa ni mambo mawili tofauti.

Pombe? Hakuna chanjo ya kawaida inayoharibiwa na chupa moja ya bia. Lakini waragi usiku wa homa unakukausha maji, unaumiza ini lililo na kazi ya panadol, na asubuhi huwezi kujua kinachokuumiza ni kipi. Acha siku mbili tatu. Watu huniuliza pia, kwa sauti ya chini, kama mume na mke wanaweza kulala pamoja baada ya chanjo. Wanaweza.

Katika Ramadhani swali ni la swaumu. Masheikh wengi wanasema sindano ya chanjo haifunguzi, kwa sababu si chakula wala kinywaji. Ukiugua homa baada yake, una ruhusa ya mgonjwa: fungua, kunywa dawa na maji, utalipa siku nyingine. Anayeogopa achanjwe karibu na magharibi.

Dawa zako za kila siku, ziwe za presha, za sukari, za kifua kikuu au ARV, usiziache hata siku moja kwa ajili ya chanjo.

Na wewe wa jembe, wa magunia, wa boda: siku inayofuata anza pole pole. Ukihisi kizunguzungu usiwashe pikipiki. Bega likiendelea kukataa kunyanyuka baada ya wiki mbili, rudi ukaonyeshe.

Nenda sasa hivi

Kuna hali ambazo hakuna kuhesabu siku. Mtoto hawezi kunyonya au kunywa. Anatapika kila kitu. Amelegea na haamki vizuri. Anapumua kwa haraka na mbavu zinaingia ndani. Viganja vimepauka. Mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi. Analia kwa zaidi ya saa 3 bila kunyamazishika. Mahali pa sindano panazidi kuvimba baada ya siku ya tatu, pana joto na panabonyea kama pana maji ndani.

Na degedege. Homa ikipanda haraka, mtoto anaweza kukakamaa na kutetemeka. Mlaze kwa ubavu, chini, mbali na jiko. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimmwagie maji, usimnywishe chochote, usimfukize. Tazama saa ujue imechukua dakika ngapi. Ikiisha, au hata haijaisha, chukua boda mwende hospitali. Degedege la homa mara nyingi halimwachii mtoto ulemavu, lakini linalotokana na malaria kali linaua, na nyumbani huwezi kuyatofautisha.

Ukifika, sema wazi: alichanjwa siku fulani, chanjo fulani, na hali ilianza saa fulani. Onyesha kadi. Musawo ataijaza fomu ya madhara baada ya chanjo, na ni haki yako kumwomba aijaze. Usiku ukiwa hujui pa kwenda, namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 0800 100 066.

Kadi

Kadi itie kwenye mfuko wa plastiki, ining'inize ndani, juu, mahali maji ya mvua na panya hayafiki. Ipige picha, uitume kwa simu ya baba au ya dada yako. Andika tarehe inayofuata kwenye kalenda ya ukutani, maana simu huzimika chaji.

Kinga haiji siku ya sindano. Kwa chanjo nyingi mwili unahitaji kama wiki mbili, na mara nyingi mpaka dozi zote ziishe. Mtoto aliyeugua baada ya dozi ya kwanza bado anaihitaji ya pili, isipokuwa kama alipata mzio mkali au degedege, na hapo mweleze musawo kabla hajachoma. Na kama tarehe imekupita, mmehama, mlikuwa na msiba, au ulikosa nauli, nenda hivyo hivyo siku ya kliniki iliyo karibu. Pengine utaulizwa ulikuwa wapi. Jibu, kisha mnyooshe mtoto mguu wake. Dozi zilizotangulia bado zinahesabiwa, mtaendelea pale mlipoishia.